Shangazi Anataka Inchi Sitini na Tano

Mpendwa Maman Micheline, naomba msaada wako, ila nikuonye kabla hujafika mbali: usiniambie niache kucheza, kwa sababu hilo sikuulizi. Ninachouliza ni televisheni gani ninunue, na ukiona barua inazunguka sana kabla ya kufika kwenye televisheni yenyewe uvumilie tu, maana hata mimi nilidhani ni jambo la kumaliza dukani kwa dakika tano na sasa limekuwa jambo la familia mbili.

Naitwa Tumukunde, nina miaka ishirini na nane, nafanya kazi kwenye kinu cha mpunga hapa Bugarama, mimi ndiye ninayepima unyevu wa mpunga kabla haujaingia kwenye mashine, na mkulima akileta mpunga mbichi namrudisha akauanike hata kama atapaza sauti mpaka barabarani. Nilizaliwa Bukavu, tukarudi Rwanda nikiwa na miaka saba, na marehemu baba yangu, Papa Gasana, akapata kazi kiwanda cha saruji. Huyo baba ndiye aliyenifundisha gemu ya mpira. Alikuwa akitoka kazini anaoga lile vumbi lote, anakaa, ananipa manette moja na yeye anashika nyingine, kile kidude chenye vitufe cha kumkimbizia mchezaji kwenye kioo, tunacheza mechi mbili kabla ya chakula, na hakuniachia bao hata moja mpaka siku nilipomfunga kwelikweli nikiwa na miaka kumi na mitatu, akatoka nje kuwatangazia majirani. Alifariki miaka minne iliyopita na mimi bado nacheza. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna mashindano kwenye ukumbi mmoja wa gemu kule Kamembe, wanawake tuko wawili tu, na mwaka jana nilimaliza wa pili kati ya watu thelathini na wawili. Sisemi hivi ili unipongeze, nasema ili ujue unaongea na nani.

Sasa nimechumbiwa. Mchumba wangu anaitwa Ndizeye, ni deklara pale mpaka wa Ruhwa, anawaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha, na tulikutana kwenye mashindano hayohayo, nilimfunga tano kwa moja, akacheka mpaka akashika tumbo, akaninunulia Fanta, akaniambia, "Dada, weye hauna huruma." Nikampenda palepale. Kwa hiyo asije mtu akasema eti nilimficha tabia yangu.

Harusi ni mwezi ujao. Unajua kwetu upande wa bibi harusi ndio unaobeba vitu vya nyumbani, ibirongoranwa, godoro, viti, vyombo, na siku hizi televisheni, halafu siku ya gutwikurura ndugu zangu wanakuja kumfunua bibi harusi na wageni wanajaa sebuleni na kila jicho linapima nani kaleta nini. Kwa kuwa baba hayupo, dada yake, shangazi Anonciata, ndiye anayeongoza kila kitu, na mama yangu anasema tumwachie tu. Basi Jumamosi iliyopita shangazi alinipeleka duka moja Kamembe, akasimama mbele ya televisheni ya inchi sitini na tano, kubwa kama mlango, inaonyesha maporomoko ya maji na kasuku, akasema ndiyo hii. Mimi nilikuwa nimekuja na mashine yangu ya gemu kwenye sakoshi, nikamwomba muuzaji, kijana mwenye adabu anayeitwa Harerimana, aichomeke. Akaichomeka. Nikabonyeza kitufe cha kupiga, mchezaji wangu akafikiria kwanza, ndipo akapiga, na wakati huo mpira ulishanyang'anywa zamani. Nikajaribu tena na tena, ni vilevile. Harerimana akanihamishia kwenye ya inchi arobaini na tatu iliyokuwa pembeni, akaingia kwenye mipangilio akaiweka ya mchezo, na hapo, Maman Micheline, kidole changu na mguu wa mchezaji vikawa kitu kimoja. Nilipiga kelele dukani bila kujua.

Shangazi akanishika mkono.

"Tumukunde, uko nanipatisha haya. Hiyo manette ulibeba ya nini? Batu bako natuangalia."

"Tantine, niko najaribisha. Hii kubwa inachelewa."

"Inachelewa kwenda wapi? Televizio iko ku ukuta! Sikia. Mie nilitoka kwetu na mikeka mbili na sufuria moja, mama ya bwana yangu akacheka mbele ya batu. Weye hawatakucheka. Tutabeba ile kubwa."

Tukaondoka bila kununua, kwa sababu niling'ang'ania ile ndogo.

Nilidhani Ndizeye atakuwa upande wangu. Akasema ile kubwa ndiyo nzuri. Nikamuuliza, hata ikichelewa? Akasema wageni hawatajua inachelewa. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililotokea wiki mbili kabla, ambalo nilikuwa nimelimeza, na sasa nalitapika. Mama yake, Maman Thacienne, alikuja kutoka Nyakabuye kuona nyumba tuliyopanga Cyangugu, na mimi nilikuwa nimeshapeleka pale ile televisheni ya zamani ya baba, inchi thelathini na mbili, yenye kivuli upande wa kushoto, na mashine yangu imekaa chini yake. Mama mkwe akaiangalia, akauliza, "Na hii kisanduku nyeusi iko nini?" Kabla sijafungua mdomo Ndizeye akajibu, "Njo dekoda, Maman." Nikaenda kuleta chai. Mama akafurahi, akatoa rozari, akasema, "Basi mutuwekee misa." Ndizeye akasema hakuna rezo, yaani mtandao. Yule mama akasema hakuna shida, atangojea rezo irudi, akakaa pale nusu saa nzima akisali mbele ya mashine ya gemu, na mimi nimesimama na sinia ya chai nikitamani ardhi ipasuke.

Alipoondoka nikamgeukia mchumba wangu. Akaniambia hivi, na naandika maneno yake yote kwa sababu hayajanitoka kichwani: "Cheri, mama yangu hataelewa bibi ya muntu anakamata manette. Iko kwa kwanza tu. Televizio mpya tutaweka mu salon, hii ya zamani tutaweka mu depo, pembeni ya makala. Mama akiwa hayuko, unacheza. Mambo ikitulia, tutaona."

Depo, hiyo stoo ya makaa, haina dirisha. Niliipima kwa miguu, ni hatua mbili na nusu. Yaani mimi ninayekaa mbele ya wanaume thelathini Kamembe nikawafunga mmoja mmoja, nyumbani kwangu mwenyewe nikacheze pembeni ya makala nikisikilizia mlango kama mwizi wa kuku! Nikamwambia siingii. Akasema nina kiburi. Shangazi naye anasema nina kiburi, eti mwanamke hujenga nyumba, habomoi kwa inchi. Sawa, ninacho. Kiburi hichohicho ndicho kinachorudisha mpunga mbichi kila siku na kinu chote kinanishukuru.

Jumamosi hii tunarudi dukani. Nichukue ile ya arobaini na tatu nionekane nimeidhalilisha familia mbele ya ukoo wa Ndizeye, au nikubali ile kubwa inayochelewa na maisha yangu yaingie depo? Nimeshaamua moyoni, sitadanganya, lakini nikifikiria uso wa shangazi na ule wa mama mkwe naanza kuhesabu inchi upya, na sitaki kwenda dukani bado nahesabu. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Tumukunde, Bugarama

MAMAN MICHELINE ANAJIBU

Tumukunde binti yangu, pole, na nimekusikia: hutaki kuambiwa uache. Sitakuambia. Ila na wewe usinipangie mengine ya kukuambia, maana umeandika barua ndefu na ndani yake nimeona mambo ambayo hukuyauliza.

Tuanze na televisheni, kwa kuwa ndiyo uliyouliza. Mimi sikuwa najua lolote, na kuuliza si ujinga, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi Twagirayezu anayetengeneza televisheni karibu na ofisi yetu, nikamsomea barua yako bila kutaja jina. Alinikalisha kwenye kiti, akanipa manette, nikafungwa mabao manne na mashine yenyewe, wala hakukuwa na mtu upande wa pili. Baada ya hapo alinieleza, na nakuandikia alivyoeleza. Uko sahihi. Kwa anayecheza, jambo la kwanza si ukubwa, ni muda unaopita kati ya kidole na kioo. Zile picha za maporomoko na kasuku zimewekwa pale kwa ajili ya watu kama shangazi yako na mimi, tuone rangi tutoe pesa, kwa hiyo usizitazame hata kidogo. Fundi anasema pia ile kubwa huenda ilijaribiwa bila kuwekwa kwenye mipangilio ya mchezo, na hapo muuzaji wako mwenye adabu hakuitendea haki, kwa hiyo Jumamosi mwambie aziweke zote mbili hivyohivyo, ndipo uhukumu. Ikibaki inachelewa, basi ina kosa lake na usiibebe. Uliza kama kioo kinabadilisha picha mara mia na ishirini kwa sekunde au sitini tu. Ile ya mia na ishirini ni bora kama mashine yako inaiweza, vinginevyo sitini yenye haraka inakutosha. Halafu pima kutoka kiti hadi televisheni. Ikiwa ni mita moja na nusu hivi, arobaini na tatu ni saizi yako, na ile kama mlango ingekufanya ugeuze shingo kutafuta golikipa. Usiitundike juu karibu na dari kama picha ya marehemu, iweke mezani, usawa wa macho. Na ununue kile kifaa cha kutuliza umeme, maana huku kwetu umeme ukirudi hurudi na hasira.

Televisheni imekwisha. Sasa nina ugomvi na wewe.

Ndizeye aliposema ni dekoda, wewe ulikuwa na mdomo. Unajisifu unawarudisha wakulima wenye sauti kubwa, lakini mbele ya mama mmoja mwenye rozari ulishindwa kusema maneno matatu. Umenijazia ukurasa kwa hasira juu ya uongo wa Ndizeye, na uongo ule mliusema wawili, yeye kwa mdomo na wewe kwa sinia ya chai. Mama wa watu amesali nusu saa akingojea mtandao ambao haupo! Siku akija kujua, na atajua, maana njia ya mwongo ni fupi, hatakumbuka kwamba ni mwanawe aliyesema. Atakumbuka kwamba alidanganywa ndani ya nyumba yako.

Na shangazi yako usimfanye adui. Umeandika maneno yake mwenyewe halafu ukayapita bila kuyasoma: mikeka miwili, sufuria moja, na mama mkwe akacheka. Huyo mwanamke amebeba kicheko kile miaka yote hii na anataka kukizima kwa inchi sitini na tano. Si kwamba anapenda televisheni. Mwendee kabla ya Jumamosi, kaa naye jikoni, mwambie umesikia habari ya mikeka. Kisha umpe kitu kikubwa akichague kwa jicho lake, meza ya mbao ya kuwekea televisheni, ndefu, ya kujaza ukuta mzima, na kabati la vyombo la kufanana nayo. Wageni wakiingia wataona ukuta umejaa. Nakuhakikishia hakuna atakayetoa futi ya kupimia kioo, na shangazi atapata heshima yake, ambayo anastahili kabisa.

Nimfikie Ndizeye. Mwanamume anayefungwa tano kwa moja na mwanamke, mbele ya watu, akacheka na kununua Fanta, si mwanamume mbaya, na wengi wanaoniandikia wangempokea hata leo. Ila ni mwoga kwa mama yake, na ameona njia rahisi ya kuficha woga wake ni kukuficha wewe. Amekuchagua akiwa anakujua, sasa anataka mama yake ampende mwanamke mwingine ambaye hayupo, na huyo asiyekuwepo utalazimika kumwigiza wewe kila Maman Thacienne akipiga hodi. Hiyo kazi haina likizo.

Na lile neno lake, "kwa kwanza tu." Hapo nataka usome polepole.

Mimi nilikuwa nacheza basketi Bukavu, timu ya parokia, na nilikuwa nacheza vizuri, naomba hilo uliamini. Nilipochumbiwa, dada mkubwa wa mchumba wangu alisema kaptura si vazi la mke wa mtu. Mchumba wangu hakunikataza. Hakuwahi kunipigia kelele katika maisha yetu yote. Alisema tu, kwa sasa pumzika, mambo yakitulia utarudi uwanjani. Nikazaa, mambo hayakutulia. Nikazaa tena. Viatu vyangu vilivaliwa na mdogo wangu mpaka vikaisha. Mwaka jana tulikuwa tumekaa tunaangalia mechi ya wanawake, mimi na mume wangu, mzee mzuri, nampenda, na akanigeukia kwa upole wake wote akaniuliza, "Maman, na weye uliachaga basket juu ya nini?"

Hakuwa anakumbuka. Miaka thelathini na moja, na yeye hakuwa anakumbuka kwamba ni yeye aliyeniomba. Nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kwa hiyo sikiliza, binti yangu, na hili si ombi. Kabla ya Jumamosi mwambie Ndizeye mnakwenda Nyakabuye kwa mama yake, wawili. Usimpelekee simu wala ujumbe, nenda na miguu yako. Mkishakaribishwa, wewe ndiye uongee, yeye akae kando yako na asikutafsirie. Sema: Maman, ile mashine si dekoda, ni ya kuchezea mpira, ni yangu, Papa alinifundisha, ninacheza na nitaendelea kucheza, na tunaomba radhi kwa siku ile ya misa. Omba radhi kwa uongo tu, usije ukaomba radhi kwa kucheza. Akikasirika, mwache akasirike sasa, ukiwa bado una kwenu pa kurudi jioni, kuliko akasirike ukiwa na mtoto mgongoni. Akina mama wa Nyakabuye wamevuka mambo makubwa kuliko manette, na huenda swali lake la kwanza likawa kama unashinda.

Ndizeye akikubali kuja na akakaa kando yako mpaka mwisho, olewa naye na umfunge mabao mpaka uzeeni. Akikataa, akisema si wakati wake, tusubiri harusi ipite kwanza, basi usigombane naye na usilie mbele yake. Mpigie shangazi umwambie tarehe inasogezwa, na sababu mwambie ilivyo. Najua ng'ombe wa mahari wameshapelekwa na kadi zimeshachapwa. Kadi huchapwa tena.

Kisha Jumamosi, harusi iwepo au isiwepo, nenda Kamembe ukaichukue ile ya arobaini na tatu. Siku ya kuiweka usingoje mtu akuulize inakaa wapi. Iweke sebuleni, vuta kiti, ukae, na mlango uache wazi.